Tita la Mwani la Bairbre

Mzee Beairtle alisema maneno yale huku bintiye akimmiminia chai, na hilo ndilo lililouma zaidi. Angeyasema akiwa peke yake zizini, Bairbre asingejua. Lakini kusema "katika nyumba hii hakuna mkono tena wa kukata mwani", na mkono unaokujazia kikombe unauona kwa macho yako mawili! Jamani, kuna wazee wanaoutafuta ugomvi kwa tochi.

Aliyekuja kuuliza ni Cóilín, binamu yao wa nyumba ya pili, mwanamume mwenye boti ya injini, wana wawili wenye nguvu, na mdomo usiojua likizo. Si mtu mbaya, Cóilín. Alikuja kistaarabu, akavua kofia, akaketi, akala vipande vitatu vya mkate wa magadi uliopakwa siagi nene, ndipo akatoa lililomleta. Mwani wa Leac Mhór, mwamba wa pwani ya mzee, ulikuwa umeiva. Haukuwa umeguswa tangu nyonga ya mzee ilipomwangusha, na sasa ulikuwa umelala mrefu na mnene juu ya mwamba, rangi ya dhahabu chafu, hata anayepita kwa mbali anatamani kuwa na mundu mkononi.

Hapa kwetu Ros an Duilisc kila nyumba ina kipande chake cha pwani, na kipande hicho ni cha nyumba hiyo kwa muda wote inaokikata. Mwani ukiiva na nyumba ikakosa wa kuukata, jirani akija kuuomba, humnyimi. Na jirani akishaukata mara moja, ndiyo imetoka hiyo. Watakaoukata baada yake ni wajukuu zake, na wako watabaki kuangalia.

"Sikuharakishi, Mzee," Cóilín alisema. "Ila bamvua la mwisho kabla ya baridi ni Jumamosi hii. Likipita, dhoruba zitaung'oa wote ukaoze huko."

Mzee Beairtle alitazama moto. Wanawe Taimín na Stiofán wako Boston tangu wakiwa vijana. Hupiga simu Krismasi, wakauliza kama mvua inanyesha, kana kwamba siku moja wataambiwa hainyeshi. Kwa miaka yote hiyo mzee alikuwa akisema pwani inawangoja vijana. Jioni hiyo alichoka kungoja, akasema yale maneno, kisha akaongeza: "Basi, ichukue."

Bairbre aliweka birika mezani, na hakuliweka taratibu.

"Na huu ni nini?" aliuliza, akiusimamisha mkono wake wa kulia mbele ya pua ya baba yake. "Mwiko?"

"Wewe unaendesha basi la shule."

"Naendesha basi lililojaa watoto wanaotapika kila kona kuanzia hapa hadi mjini. Mwani hautapiki, Baba."

Cóilín alicheka hadi mkate ukampalia. Bairbre akampiga mgongoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Hujawahi kuleta tita," mzee alisema.

"Hujawahi kuniambia nilete."

Mzee yule akibanwa hutoa amri. Akagonga sakafu kwa fimbo. "Haya! Jumamosi. Tita liletwe kwa maji hadi gatini, kama lilivyoletwa siku zote, sitaki trekta. Na kamba ya nyumba nyingine isiliguse. Likifika, pwani ni yako. Lisipofika, ni ya Cóilín, na sitaki kusikia kelele ndani ya nyumba yangu."

"Umesikia, Cóilín?" Bairbre akasema. "Maliza mkate wako uende ukalale mapema."

Tita la mwani, wenyewe tunaliita climín, si jambo la kuelezea sana, ni jambo la kufanya. Maji yakikauka unatandaza kamba juu ya mwamba, unakata, unarundika juu ya kamba, unafunga. Kisha unangoja. Maji yakijaa yanalinyanyua, nawe unapanda juu yake na upondo wako, unajisukuma nalo kwenda nyumbani. Kwenye nchi kavu farasi wawili hawalivuti. Majini linakwenda kama ng'ombe anayerudi zizini, taratibu, na bila kukuuliza maoni yako. Bairbre alikuwa amewaona baba yake na kaka zake wakifanya hivyo tangu hajaota meno ya ukubwani, na hakuona hata mara moja kitu kilichomshinda. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mabega ya kuzungusha usukani wa basi lisilo na usaidizi wowote, na imani juu ya nafsi yake ambayo wengine waliita kiburi. Mimi naiita imani, ingawa Jumamosi hiyo, nakiri, kiburi nacho kilipanda basi.

Asubuhi alipita dukani kwa Nainsín kununua betri ya tochi na chokoleti. Nainsín, aliyesoma naye tangu darasa la kwanza, alimtazama kuanzia kofia hadi mabuti ya mpira.

"Umeandika wosia?"

"Nimeandika. Nimekuachia wewe baba yangu."

"Mungu wangu! Basi usife, Bairbre. Nakusihi, rudi salama."

Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyonyesha wala isiyoacha. Bamvua liliirudisha bahari nyuma hadi ikaonyesha mawe ambayo mtu huyaona mara chache kwa mwaka, na Leac Mhór ikabaki uchi, pana kuliko uwanja wa kanisa. Bairbre alianza chini kabisa, pembeni mwa maji, kama inavyotakiwa. Mundu ulikuwa wa baba yake. Alikuwa ameuchukua ukutani bila kuomba, na mzee alikuwa ameuona ukichukuliwa bila kusema. Alikata, akaburuta, akarundika. Mgongo ulilalamika, akauambia unyamaze. Kabla maji hayajaanza kugeuka alikuwa na tita zuri la mviringo, amelifunga kwa kamba na fundo ambalo hata shetani angehitaji msaada kulifungua. Lilikuwa tita la kutosha. Mtu mwenye akili angekaa chini akala chokoleti yake.

Lakini upande wa pili wa mwamba, kwenye kipande chake mwenyewe, Cóilín naye alikuwa akikata na wanawe.

"Bairbre!" alipaza sauti. "Hicho ni nini, tita au kofia ya askofu?"

Wanawe wakacheka. Bairbre akaangalia tita lao, ambalo lilikuwa limejengwa na wanaume watatu, halafu akaangalia lake. Damu ikampanda. Akaokota mundu.

Hapo ndipo alipokosea, na hakuna haja ya kumfunika. Tita hujengwa kwa kipimo cha maji. Yeye alilijenga kwa kipimo cha jicho la jirani. Alikata kila alichokiona, akarundika juu na kuzunguka, akipanda nalo kwenye mwamba mahali palipoinuka, hadi likafika kimo cha kifua chake na upana wa sebule. Akatoa kamba ya pili, akalizungushia lote, akakaza goti juu yake. Ah, lilikuwa zuri! Angekufa muda ule angekufa akijisifu.

"Kofia ya askofu?" alipaza sauti. "Njoo uione sasa!"

Cóilín alisimama juu ya jiwe, akatazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakufanya mzaha. "Umelijenga juu mno, binamu," alisema tu.

Maji yalirudi. Tita la Cóilín lilinyanyuka mapema, likazunguka mara moja kwa madaha, naye akafunga kamba nyuma ya boti na kuondoka nalo. La Bairbre lilitikisika kingo. Katikati lilikaa. Maji yakamfika magotini, yakamfika mapajani, naye akapanda juu ya rundo na kupigapiga chini kwa upondo kama mtu anayemwamsha mlevi. Halikutikisika. Saa nzima nzuri ya maji yanayojaa, yale yanayokusukuma nyumbani bure, ilipita mbele ya macho yake, naye amekaa juu ya mali yake asiweze kwenda popote. Aliogopa. Hakuogopa kuzama, maana anaogelea vizuri. Aliogopa uso wa baba yake akigeuka kutoka gatini na kusema bila hasira: "Basi."

Liliponyanyuka hatimaye lilinyanyuka lote kwa pamoja, na moyo wake ukanyanyuka nalo. Akasimama wima, akachoma upondo, akasukuma. Tita likatii. Chini ya mabuti yake mwani ulikuwa ukipumua, laini na imara, na Leac Mhór ikabaki nyuma. Aliimba. Ana sauti mbaya sana, watoto wa basi watakwambia, lakini aliimba, na kwa muda ule hapakuwa na mwanamke mwenye furaha kumzidi kwenye pwani yote.

Alipofika mlango wa hori, pale bahari inapobanwa kati ya miamba miwili kabla ya kufunguka kuelekea gatini, maji yalikuwa yamemaliza kujaa. Yakatulia kidogo, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Halafu yakaanza kupwa.

Alisukuma hadi upondo ukapinda. Tita likasimama. Akasukuma tena, meno yameumana, akitazama jiwe moja jeusi upande wa kushoto ili ajue anakwenda mbele. Jiwe lile lilikuwa likienda mbele yeye akirudi nyuma.

Boti ikaja ikinguruma. Ni Cóilín, peke yake safari hii, aliyekwisha kulifikisha lake.

"Bairbre! Nirushie kamba."

"Pita zako."

"Maji yanakupeleka Marekani, mwanamke! Utawakuta kaka zako hata Krismasi haijafika."

"Nitawasalimia kwa niaba yako."

Cóilín akapunguza injini. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Sasa sitanii. Ukitoka nje ya miamba hiyo, mawimbi yatalivunja nawe ukiwa juu yake. Chukua kamba. Nitakuvuta hadi gatini, na pwani tutagawana nusu kwa nusu. Nitamwambia mzee mwenyewe kwamba mimi ndiye niliyetaka. Hakuna atakayekucheka."

Ilikuwa ofa ya kiungwana, na Bairbre alijua. Nusu si haba. Wangapi hawana hata robo? Malengelenge ya mikono yake yalikuwa yamepasuka, chumvi imeingia. Angesema ndiyo, angekuwa ameketi kwenye boti kavu kabla hajamaliza kulitamka. Akageuza macho kuelekea gatini. Kulikuwa na watu, na mbele yao mtu mmoja amevaa koti jeusi la kwendea misa, ameegemea fimbo. Mzee alikuwa ameshuka mwenyewe kilima chote kile. Bairbre akafikiria nyumba ile, na nusu ya pwani, na watoto wa Cóilín wakikata hadi kwenye mstari, kisha siku moja wakivuka mstari kidogo kwa sababu upande wa pili hayupo wa kusema. Nusu ingeliwa kama mkate ulioachwa mezani. Aliitaka yote. Ilikuwa yake, aliistahili, na hakuona aibu kuitaka.

Akatazama chini, kwenye tita lake. Mzigo mkubwa kuliko wowote uliowahi kutoka Leac Mhór kwa mikono miwili. Kamba ya kwanza ilifunga tita la akili. Ya pili ilifunga la kujionyesha.

"Cóilín," alisema, "rudi nyuma kidogo, usije ukanaswa."

"Unafanya nini? Bairbre! Una wazimu?"

Alipiga goti, akatoa mundu kiunoni, akaikata kamba ya pili.

Mwani ukafunguka pande zote, ukaanguka kwa sauti nzito, ukatandaa juu ya maji na kuanza kwenda na mkondo. Kazi yake yote ya mchana. Alilia, na simaanishi machozi mawili matatu ya heshima. Alilia kwa sauti huku akisukuma, akiutukana mwani, akimtukana Cóilín, akijitukana mwenyewe kwa maneno ambayo hayatamkwi ndani ya basi la shule. Lakini kilichobaki chini ya miguu yake kilikuwa chepesi. Akakisogeza kando hadi karibu kabisa na mwamba, pale mkondo unapojikwaa na kupoteza nguvu, akachoma upondo kwenye nyufa, hatua baada ya hatua, mwili wote ukivuma kwa uchovu. Jiwe jeusi likaanza kurudi nyuma. Likapita. Hori likafunguka.

Nyuma yake Cóilín alikuwa ametoa kulabu. Mwani unaoelea ni wa anayeuokota, hiyo nayo ni desturi, na Cóilín hakuacha hata jani. Siku hiyo yeye aliondoka na mwani mwingi kuliko mtu yeyote kijijini.

Gatini walipoona kilichoingia, wakaangua kicheko.

"Nilisema urudi salama," Nainsín alipaza sauti, "sikusema urudi na mboga ya jioni!"

"Ndiyo tita hilo?" Cóilín aliuliza, akifunga boti yake iliyojaa pomoni. Roho ya utani ilikuwa imemrudia, ila na biashara ilikuwemo ndani. "Mzee, haki isemwe. Mimi nampenda binamu yangu. Lakini hicho ni kiota cha kuku. Paka akikikanyaga kinazama. Ulisema tita lifike, hukusema mabaki."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Bairbre aliteremka kutoka juu ya tita. Alisimama kwenye maji hadi mapajani, ameushika ukingo wa kile kidude chake usirudi na mkondo, akamtazama baba yake.

Mzee Beairtle alikuwa amekunja uso. Akashuka kwenye mteremko wa gati, ule unaoteleza kwa majani ya kijani, fimbo kwanza, mguu mzuri, halafu mguu mbaya. Mtu mmoja alitaka kumshika kiwiko, akaangaliwa jicho moja tu, akaacha. Mzee akafika penye maji. Hakusimama. Akaingia na viatu vyake vya misa, akanyanyua goti kwa mkono wake mwenyewe kama mtu anayenyanyua gunia, akaukanyaga mwani.

"Baba!"

"Shika hapo, usitikise."

Akapandisha na mguu wa pili. Tita likalala upande mmoja, likashuka, maji yakamfunika vifundo. Nainsín akaziba mdomo. Kisha likatulia. Mzee akanyoosha mgongo, akasimama juu yake na koti lake jeusi, hakuegemea kitu.

"Cóilín," alisema, "mimi ni mzito kuliko paka?"

"Ni mzito, Mzee."

"Tita ni lile linalobeba mtu. Babu yako alijua hilo, na baba yako, na wewe unajua, ila umeshiba mwani wa watu." Gati lote likacheka, na safari hii Cóilín naye alicheka, akavua kofia na kujikuna kichwa. Alishindwa na alijua ameshindwa, na yapo mambo mabaya zaidi ya kushindwa ukiwa na boti imejaa.

Lakini mzee hakushuka. Aligeuka taratibu hadi akaelekea mlango wa hori, akanyoosha fimbo kuelekea baharini, akapaza sauti ili kila aliyekuwepo awe shahidi.

"Pwani hii inaanzia kwa Bodach, lile jiwe lenye kidevu. Kutoka kwa Bodach inashuka hadi Scailp na bhFaochan, kwenye ule mpasuko wa konokono. Inachukua Leac Mhór yote, mbele na nyuma. Inapanda hadi Carraig na gCrotach, inaishia upande wa jiwe hilo unaotazama machweo. Ng'ambo ya hapo ni ya Cóilín, na jani lake usiliguse hata likikuangukia kichwani."

Majina hayo hayako kwenye ramani yoyote. Mzee alikuwa amepewa na baba yake palepale gatini, naye akawapa wanawe, kwa sauti hiyohiyo. Taimín alipokuja likizo mara ya mwisho, alimwonyesha mkewe lile jiwe lenye kidevu, akauliza kwa Kiingereza linaitwaje vile.

"Umesikia?" mzee alimuuliza bintiye. Hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama baharini.

"Nimesikia, Baba."

"Basi rudia."

Bairbre aliyajua majina yale kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alikuwa amesimama nyuma ya kaka zake wakifundishwa, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Angeweza kumwambia hivyo mbele ya watu wote, na kwa ulimi alionao angelisema vizuri. Alifuta pua kwa sweta iliyolowa, akaanza kuyataja kutoka kwa Bodach.